Ukuta Uliopimwa Kitandani

Kabla sijafika kwenye ukuta, lazima nianze na benchi, kwa sababu watu husahau haraka, na kuna waungwana wanaokula kwa mgongo wa usahaulifu huo.

Lilikuwa benchi la mbao ngumu, limefungwa kwa bolti sakafuni, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya macho ya mtaani kwetu. Miaka yote wagonjwa wa mtoto wa jicho walikaa pale wakisubiri zamu. Halikuwa na mto wala adabu. Lilikuwa na msumari mmoja uliochana suruali za maskini na matajiri bila ubaguzi. Kisha akaja Mkurugenzi mpya, kijana wa suti ya kubana aliyesomea kuharakisha mambo, akasimama mbele ya benchi na saa mkononi, akatamka: "Hapa ndipo muda unapofia."

Mfumo wake aliuita Mto, kama wa maji yasiyosimama. Mgonjwa anapokelewa getini, analazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na tangu hapo hakanyagi chini mpaka arudi getini akiwa na lenzi mpya jichoni na bandeji usoni. Matone, anasukumwa. Ganzi, anasukumwa. Kisu, anasukumwa. Macho arobaini kwa asubuhi moja, na bango kubwa barabarani la kujisifia. Viti vyote vikaondolewa, maana mtu akikaa, alisema Mkurugenzi, anaanza kuuliza maswali.

Watu wa aina hiyo nawajua. Kwenye ghala la vigae nilikofanya kazi waliwahi kuondoa stuli za wanawake wa kufungasha, eti aliyekaa amelala. Baada ya mwezi miguu ya wanawake ilikuwa imevimba kama magogo, na mimi niliyeuliza stuli ziko wapi nilikuwa nje ya geti na kibegi changu. Lakini hayo yana siku yake.

Aliyeitwa kung'oa benchi na kuziba matundu kwa vigae alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mtaani wanamwita Fundi Uzi, kwa kuwa hata umpe choo cha kusimama mtu mmoja, hataweka kigae mpaka kwanza avute uzi ukutani na kuning'iniza timazi, kile kipande cha chuma kinachoshuka na kamba kuonyesha wima ulipo. Siku moja aliacha chakula mezani akabomoa ukuta wa jiko lake mwenyewe. Dada alipomuuliza kulikoni, alijibu: "Ule mstari wa tatu ulikuwa unaniangalia vibaya."

Benchi aling'oa asubuhi moja. Akaziba matundu vizuri hata hungejua kwamba palikuwa na kitu. Hilo mlikumbuke.

Sasa macho yake. La kushoto lilifanyiwa upasuaji miaka tisa iliyopita, enzi za benchi, katika kambi ya bure. Lenzi za kambi zilikuwa za aina ngumu isiyokunjika, kwa hiyo jicho lilipasuliwa pana ili ipite, kisha likashonwa. Aliyemfanyia ni nesi wa upasuaji tuliyemwita Bibi Koleo, kwa jinsi alivyotoa nyuzi machoni mwa watu kwa mkono usiotikisika. Uzi mmoja ulikaza mno, ukavuta kioo cha mbele cha jicho, na wiki kadhaa shemeji akawa anaona kila taa ina mkia. Bibi Koleo akamketisha dirishani, akakata ule uzi, mkia ukaondoka. Hakuandika makala wala kuweka bango. Alimwambia tu, "Nenda, na usijikune."

Bahati mbaya baadaye kipande cha kigae kiliruka kutoka kwenye mashine ya kukatia, kikaenda moja kwa moja kwenye jicho hilohilo. Tangu siku hiyo jicho la kushoto linaona kwamba mtu amekuja. Haliwezi kukuambia amekuja na sura gani. Likabaki la kulia, peke yake, kubeba ufundi wa miaka thelathini na nne.

Na la kulia nalo likaota mtoto wa jicho.

Daktari bingwa alimpima, akamwambia jicho lake lina jambo jingine pia: kioo cha mbele hakiko mviringo kama mpira, kimebonyea kama yai, na hata mtoto wa jicho akitolewa, mistari itaendelea kutawanyika upande mmoja. Akamweleza lenzi zilizopo. Ngumu, kama ya zamani. Ya kukunja ya kawaida, inayoingia kwa tundu dogo lisilohitaji kushonwa, lakini hainyooshi ubonyevu. Na ya mhimili: hiyo ina nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ina vidoti pembeni vya kuonyesha ikae vipi, na ikikaa kwenye mhimili wake, ubonyevu unafutika.

"Kama kigae chenye ua," alisema shemeji. "Ukikigeuza, ua linaanguka."

Daktari akacheka. "Hasa hasa, fundi."

Hasa hasa. Na mimi nilikuwepo, nimesimama pale, maana viti havikuwepo.

Siku ya upasuaji wa kuwekewa hiyo ya mhimili alisukumwa kama mkokoteni wa viazi. Alinisimulia kwamba nesi alimkimbilia na kalamu huku kitanda kikitembea, akamchora alama pembeni mwa jicho, akakimbilia wa nyuma yake. Asubuhi yake bandeji ikatolewa, akaonyeshwa herufi ukutani, akazisoma mpaka mstari wa tatu kutoka chini. Kijana wa zamu akaandika kwenye karatasi: *vizuri sana*. Hakuna aliyemwangalia jicho kwa taa. Karatasi ilishaona.

Alipofika nyumbani hakusalimia mtu. Alikwenda jikoni akasimama mbele ya ule ukuta alioubomoa na kuujenga upya.

"Mke wangu," akaita, "njoo uniambie. Huu mstari wa grauti kati ya vigae ni mmoja au miwili?"

"Mmoja."

"Mimi naona umezaa. Kila mstari una pacha, amekaa begani."

"Labda ni dawa."

"Labda."

Wiki moja ikapita, pacha hakuhama. Akajaribu kazi ndogo ya bafu kwa jirani. Alirudi mchana, akakaa mlangoni na mwiko mapajani. Misalaba, vile viplastiki vya kutenganisha vigae, alikuwa ameviweka kwa kupapasa. Jirani hakuona kosa lolote. Yeye ndiye aliyejua kwamba hakuona alichokuwa akifanya, na kwa mtu kama yule hiyo ni sawa na imamu kugundua kwamba ameswalisha mtaa mzima bila udhu.

"Nikishindwa kuona mstari," aliniambia, "mimi ni kibarua wa kuchanganya mchanga. Na kwa kuchanganya mchanga nimezeeka."

"Tuwapelekee mabango," nikasema.

"Mwenyekiti," alisema. Ananiita hivyo kwa sababu niliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi pale ghalani, na utani wa mashemeji hauna huruma. "Mabango yako yamewahi kufunga nini, ukiacha ajira yako?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi na kusema jambo la maana kuliko letu sote: "Kamwiteni Bibi Koleo."

Bibi Koleo alikuwa amestaafu, anafuga kuku, na macho yake mwenyewe yalikuwa makali kama ya kuku wale. Alikuja, akakataa kikombe cha kwanza, akapokea cha pili, akamtazama shemeji kwa muda.

"Walikuchora alama umekaa au umelala?"

"Nimelala, mama."

"Kichwa kilikuwaje?"

"Kimeanguka kulia. Ule mto wa kulalia una uvimbe kama una mimba."

Kikombe kikarudi mezani.

"Sikiliza, baba. Jicho halikupigiliwa misumari. Ukilala linajizungusha kidogo ndani ya tundu lake, na kichwa kikilala upande ndiyo kabisa. Alama ya mhimili huchorwa mtu amekaa wima, kichwa kimenyooka, anatazama mbele. Ukishamchora, mlaze hata kwenye mti, alama inakwenda naye. Lenzi za mhimili zilipoanza kuja nilikuwa bado kazini. Unajua tulikuwa tunawachorea wapi watu?"

Shemeji alijua. Nilimwona akijua.

"Kwenye benchi," alisema.

"Kwenye benchi."

"Nililong'oa mimi."

Dada alitoa mguno. "Hongera, mume wangu. Na matundu ukaziba kwa ustadi."

"Mwache," akasema Bibi Koleo. "Fundi hang'oi kitu asichoamriwa. Lakini sikilizeni, hapa hakuna muda wa kulaumiana. Lenzi inakaa ndani ya kifuko chembamba. Mwezi wa kwanza kifuko bado kimelegea, daktari anaingia, anaigeuza, anatoka, hata chai haijapoa. Baada ya hapo kifuko kinakaza, kinaishika. Umefanyiwa lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili."

"Una wiki mbili na ushei. Usizilale."

"Kigae kibichi unakisogeza kwa kidole," alisema shemeji taratibu. "Kikikauka ni nyundo."

"Na kwa nyundo," alisema Bibi Koleo, "machoni hatuingii."

Kesho yake tulikwenda kwa Mkurugenzi, mimi na shemeji. Katika jengo lile zima kilikuwa kimebaki kiti kimoja, cha ngozi nyeusi, cha kuzunguka, na alikuwa amekikalia yeye. Sisi tulisimama mbele ya meza kama watoto waliovunja dirisha.

"Mzee, karatasi yako inasema vizuri sana," alisema, akizunguka nusu kulia, nusu kushoto. "Umesoma herufi mpaka chini."

"Mimi sipangi herufi, mkurugenzi. Napanga vigae."

"Na utapanga. Ubongo utazoea. Mwanadamu ni kiumbe wa ajabu, ukimpa miezi sita anazoea chochote."

"Miezi sita kifuko kitakuwa kimeshakaza!" nikadakia.

Kiti kikasimama. "Na huyu ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Ni daktari?"

"Mwenyekiti," alisema shemeji, na mpaka leo sijui alikuwa ananitetea au ananizika.

"Wa nini?"

"Kwa sasa, wa pale nyumbani."

Tukaomba kumwona Daktari bingwa, aitazame lenzi kwa taa, imekaa wapi. Daktari yuko kwenye Mto, tukaambiwa, na Mto hausimami. Tukapewa kijana atupimie miwani. Shemeji aliivaa, akapiga hatua mbili, akashika mlango.

"Sakafu imepanda mlima upande huu."

"Ubongo utazoea," alisema yule kijana, kwa sauti ileile ya bosi wake. Neno lilikuwa limeshakuwa dawa ya hospitali nzima, na halikuhitaji hata kutikiswa kabla ya kutumiwa.

Tulipofika mlangoni Mkurugenzi akatuita nyuma. "Fundi! Na ukuta wangu? Jumamosi ya wiki ijayo mgeni rasmi anafungua jengo jipya."

Hapo niwaambie: kabla ya upasuaji shemeji alikuwa ameshapewa kazi ya ukuta wa mapokezi, unaotazamana na mlango mkuu. Katikati yake palitakiwa kukaa nembo ya hospitali: jicho kubwa la vigae vya rangi, refu kuliko mtu, na nyusi zake.

Shemeji aligeuka taratibu. "Utaupata. Nitaupima kwa utaratibu wa hospitali yako."

"Ndivyo ninavyopenda," alisema Mkurugenzi, na kiti kikazunguka.

Njiani nilibwabwaja mambo ya magazeti, ya wanasheria, ya kusimama getini na vipaza sauti. Mwisho shemeji akaniuliza, "Mwenyekiti, unajua kuchanganya saruji?"

Usiku huo dada alipoelezwa mpango, hakucheka. "Ukifanya hivyo wakakufukuza, hutapewa tena hata kazi ya kuziba choo. Jina lako ndilo lililotulea."

"Najua."

"Miaka thelathini na nne, hujawahi kuweka mstari mmoja uliopinda."

"Najua, nimekwambia!" Akapiga meza. Kisha kwa sauti ndogo: "Ndiyo maana huu lazima wauone."

Siku ya kumi na tano tukaingia. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umefunikwa maturubai, hakuna aliyekanyaga humo isipokuwa sisi. Shemeji aliazima kitanda cha magurudumu kutoka korido, pamoja na mto wenye mimba. Akakisogeza mbele ya ukuta mtupu, akapanda, akajilaza, kichwa kikaanguka kulia.

"Chukua chaki. Nitakuelekeza mstari wa kwanza. Anzia hapo chini. Pandisha. Zaidi. Shusha kidogo. Hapo! Vuta mpaka mwisho."

Nikavuta. Nikarudi nyuma, nikatazama. Mstari ulikuwa unapanda ukuta kama mlevi anayetafuta ngazi.

"Shemeji, huu unapanda."

"Najua unapanda," alisema kutoka kitandani, bila kuinua kichwa. "Hata wao wangeangalia wangejua."

Kutoka hapo alifanya kazi yake kama alivyofanya siku zote, kwa bidii na matusi, akinitukana kwa kila ndoo. Jicho halikumsaidia, vidole ndivyo vilivyoona. Alipapasa kila pengo, akasugua kila kona kwa kidole gumba. Ukuta ukapanda safi, mapengo sawa, vigae laini kama shavu, na wote kwa pamoja umeegemea upande mmoja. Alipofika kwenye nembo, akaweka mboni, akaweka nyusi, kisha akaweka mwiko chini. Alisimama pembeni, akapenga kamasi.

"Inauma," alisema.

"Jicho?"

"Jicho gani! Mstari."

Alhamisi mchana tukaondoa maturubai, kisha shemeji akamtuma nesi akawaite wakubwa. Mkurugenzi alikuja na Daktari bingwa, ambaye kwa mara ya kwanza Mto ulikuwa umesimama kumpisha, kwani wakubwa wote walitakiwa kuukagua ukuta kabla ya mgeni.

Mkurugenzi alisimama. Akainamisha kichwa kulia. Akakirudisha. Akakiinamisha tena.

"Jicho limelewa!"

"Halijalewa," alisema shemeji. "Ni wewe hujalizoea. Ubongo wa mwanadamu ni wa ajabu. Lipe miezi sita."

"Umepinda! Ukuta mzima umepinda! Unanifanyia mzaha? Umepimaje huu?"

"Kama mlivyonipima mimi. Kitandani, kichwa kwenye mto huu hapa. Si ndiyo utaratibu?" Akapigapiga godoro. "Panda, mkurugenzi, ulale hapa, uone kama haujanyooka."

Mkurugenzi alianza hotuba. Alisema mkataba, alisema kesi, alisema askari wa getini. Hata sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa namtazama Daktari. Daktari alikuwa ametazama ukuta, akatazama kitanda, akatazama mto. Kisha, na koti lake jeupe, akapanda kitandani na kujilaza. Kichwa kikaanguka kulia, palepale penye uvimbe. Akatazama lile jicho la vigae kwa muda mrefu.

"Umenyooka," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kitandani mwake.

"Hasa hasa," alisema shemeji.

Daktari akashuka. "Nesi, matone ya kupanua mboni. Mlete fundi kwenye taa."

Mboni ilipopanuka, akachungulia. Vidoti vya lenzi vilikuwa mbali na mahali pake. Ungekuwa uso wa saa, alisema, lenzi ilikuwa imepitiliza kwa dakika tatu. Kwa lenzi ya kawaida, dakika tatu si kitu, ingezunguka hata saa nzima asijue mtu. Kwa ya mhimili, zaidi ya nusu ya kazi yake imekwenda na maji.

"Fomu alisaini," alisema Mkurugenzi, kutoka mlangoni.

"Nilisaini nikiwa nimelala," alisema shemeji.

Ijumaa asubuhi, siku ya kumi na tisa, wakamrudisha ndani. Ila kwanza alitakiwa achorwe alama akiwa amekaa, na hapo ndipo hospitali ya macho arobaini kwa asubuhi ilipogundua kwamba haina pa kumkalisha mtu mmoja. Walitafuta. Walileta ndoo, shemeji akakataa. Mwisho Daktari alitoka mwenyewe, akarudi akisukuma kile kiti cha ngozi nyeusi. Nyuma yake Mkurugenzi alikuwa anakuja mbio, hana pa kukaa kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kishikeni kisizunguke," alisema shemeji akikaa. Manesi wawili wakashika kiti. Kutoka mfukoni akatoa timazi yake, akaifunga kwenye nguzo ya kutundikia dripu. "Sasa chora. Uitazame hiyo, siyo mimi."

Dada alikuwa mlangoni. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema kwa sauti ya kusikika, akimtazama Mkurugenzi aliyeegemea ukuta akipumzisha mguu mmoja, "kwa binadamu mchungu. Pole, baba, kusimama kunachosha, eh?"

Dakika kumi na tano baadaye lenzi ilikuwa imegeuzwa. Asubuhi ya Jumamosi bandeji ikatoka. Shemeji hakutazama herufi. Alitazama sakafu ya korido, vigae vyake mwenyewe, mpaka mwisho kabisa, na pale mbele ya chumba cha upasuaji, palipokuwa na benchi, akaona viraka vinne alivyozibia matundu.

"Mstari mmoja," alisema. "Pacha amekufa."

Ningekuwa mtunzi muungwana ningeishia hapo, watu waende kulala. Lakini shemeji alikuwa na sharti alilolitoa akiwa bado kwenye kiti cha ngozi: haugusi ukuta mpaka wote waliowekewa lenzi za mhimili tangu benchi ling'olewe waitwe, watazamwe. Daktari alikubali palepale. Mkurugenzi alikubali alipohesabu kwamba mgeni rasmi anafika baada ya siku moja. Daftari likatoa watu kumi na mmoja. Barua za hospitali, kama desturi yake, zingefika mwakani, kwa hiyo nilizunguka mimi na baiskeli, mlango kwa mlango. Hizo ndizo kazi za mwenyekiti wa nyumbani.

Watatu lenzi zao zilikuwa zimekaa sawa, kwa bahati tu. Watano ziligeuzwa. Na watatu, waliofanyiwa mwanzoni kabisa mwa Mto, vifuko vilikuwa vimeshakaza. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, akasema hathubutu. Wakapewa miwani. Mmoja wao ni mwanamke fundi cherehani, aliyekuwa ameshawarudishia wateja vitambaa vyao akiamini ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliambiwa vizuri sana, akazoea, kama alivyoelekezwa.

Ukuta haukuwahi kunyooshwa kabla ya mgeni. Msidhani Mkurugenzi aliumbuka. Watu hao hawaumbuki. Wana ngozi ya kile kiti. Alitundika kibao kando ya nembo: *Jicho Linaloinama: Ishara ya Unyenyekevu kwa Mgonjwa*. Mgeni rasmi aliusifu ubunifu. Wakapiga picha mbele yake, na picha ninayo: safu nzima ya waheshimiwa, vichwa vyote vimelala kulia, wakitabasamu. Kisha Mkurugenzi akasimama na kutangaza ugunduzi mpya wa hospitali, unaomweka mgonjwa mbele. Aliuita Mfumo wa Kuketi. Benchi jipya likazinduliwa kwa utepe. Wakapiga makofi.

Wote kumi na mmoja walipokwisha kutazamwa, Jumatatu moja shemeji alirudi na nyundo. Alibomoa, akavuta uzi, akaning'iniza timazi, akaanza upya, na hakuniruhusu kugusa hata chaki. Siku ya tatu, alipokuwa anafuta grauti, yule fundi cherehani aliingia na miwani yake mipya kuja kupimwa tena. Hakwenda kwenye benchi. Alikuja mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye mstari chini ya jicho la vigae, akaufuata taratibu mpaka kona.

"Umenyooka huu, kaka?"

"Umenyooka, dada yangu."

Akavua miwani, akautazama. Akaivaa tena.

"Haya," alisema. "Basi nitakuamini wewe."